Unadaiwa mkopo wa chuo na unataka utawa: mwongozo kamili

Katika fomu ya maombi ya mashirika mengi ya kitawa, mahali fulani kati ya hati ya ubatizo na cheti cha daktari, kuna swali fupi: una madeni? Aliyesoma kwa mkopo huganda hapo. Kuna anayeacha nafasi wazi akitumaini hakuna atakayeuliza. Kuna anayefunga fomu kabisa na kujiambia kwamba kama Mungu angemtaka, angemsomesha bure. Wote wawili wanajidhulumu.

Deni la masomo peke yake halikuzuii kuwa mtawa. Kinachozuia ni deni lisilo na mpango wa kulipwa, na kibaya kuliko hicho ni deni lililofichwa. Waswahili husema dawa ya deni ni kulipa, lakini kwa mtu anayejiandaa kwa nadhiri ya ufukara swali gumu ni lini, kwa fedha ya nani, na chini ya makubaliano gani.

Kanisa linadai nini hasa

Mkusanyo wa Sheria za Kanisa Katoliki wa mwaka 1983 unaligusa jambo hili waziwazi katika kanuni ya 644: wakuu wa mashirika wasipokee unovisi (kipindi cha malezi kabla ya nadhiri za kwanza) mtu aliyeelemewa na madeni asiyeweza kuyalipa. Katazo hili si geni. Sheria ya mwaka 1917 ilikuwa nalo pia, katika kanuni ya 542. Sababu yake ni haki kabla ya kuwa ibada: aliyekukopesha alikuamini, na kuingia utawani hakuwezi kuwa njia ya kumkimbia. Shirika nalo linalindwa lisijikute linadaiwa madeni ambayo halikuyakopa.

Soma maneno yale mara ya pili. Hayasemi mwenye deni asipokelewe. Yanamtaja aliyeelemewa na *asiyeweza kulipa*. Mwenye deni kubwa lakini ana mpango unaoeleweka, ana mfadhili aliyekubali kwa maandishi, au ana shirika lililoamua kulibeba deni lake, hayumo katika maelezo hayo. Mlango uko hapo, na sehemu kubwa ya kazi iliyobaki ni kuthibitisha kwamba deni lako linaweza kulipwa.

Kuna jambo la pili ambalo watu wachache huliona. Kanuni ya 643 inataja mambo yanayoufanya unovisi uwe batili: kuwa na umri chini ya miaka 17, kuwa na mwenzi katika ndoa ambayo bado ipo, na mengine. Deni halimo katika orodha hiyo. Kilichomo ni hila: kanuni inamhusu mtu aliyeingia kwa kulaghaiwa, na pia yule ambaye mkuu wa shirika alimpokea kwa kulaghaiwa. Kwa hiyo anayedaiwa na kusema ukweli, hata mpango wake ukiwa na kasoro, unovisi wake hauwi batili kwa sababu ya deni. Anayeficha deni zito ili apokelewe anafungua swali kubwa zaidi, kama kupokelewa kwake kulikuwa halali tangu mwanzo. Swali hilo laweza kuibuka miaka kumi baadaye, siku mdai atakapopiga hodi konventini.

Juu ya sheria hizi za jumla, kila shirika lina katiba na taratibu zake. Moja hutaka deni liishe kabla ya upostulanti (hatua ya malezi inayotangulia unovisi), lingine kabla ya unovisi, jingine huruhusu rejesho la kila mwezi liendelee hadi nadhiri za daima. Usimsikilize rafiki aliyeingia shirika lingine akakwambia "kwetu ni hivi". Uliza kwenu.

Hatua ya kwanza: lijue deni lako lote

Inashangaza jinsi watu wengi wasivyojua wanadaiwa kiasi gani. Wanakumbuka kiasi walichokopa, wakati kiasi wanachodaiwa leo ni kingine kabisa. Omba taarifa ya mkopo kwa maandishi kutoka kwa kila aliyekukopesha, iwe ni bodi ya serikali, benki, chama cha akiba na mikopo au mjomba. Ndiyo, mjomba pia. Deni la ndani ya ukoo lisilo na karatasi ni deni.

Kwa kila mkopo andika: deni kuu lililobaki, riba na namna inavyokokotolewa, adhabu ya kuchelewa, tarehe ya rejesho la mwisho, na jina la mdhamini. Kisha mwulize mkopeshaji maswali haya na udai jibu la maandishi:

- Je, rejesho linaweza kupunguzwa au kusimamishwa kwa muda kwa mtu asiye na mshahara? Riba itaendelea kupanda wakati huo?
- Mtu wa tatu, kama shirika au mfuko wa hisani, anaruhusiwa kulipa kwa jina langu?
- Nikilipa kabla ya wakati kuna punguzo au kuna faini?
- Nikifariki, deni linafutwa, au linamwangukia mdhamini?

Swali la kwanza ndilo huwaponza wengi. Wanasikia "rejesho limesimamishwa" wanadhani deni limelala, kumbe linakua. Chukua deni la 6,000,000 kwa fedha yoyote unayotumia, riba ya asilimia 4 kwa mwaka. Ukikaa miaka minne ya malezi bila kulipa, riba ikiongezwa juu ya deni kila mwaka, unatoka ukiwa unadaiwa zaidi ya 7,000,000. Na ukilipa 20,000 kwa mwezi ukidhani unapunguza, unalipa riba tu. Deni lenyewe halisogei hata hatua moja.

Hesabu hiyohiyo ina upande wa kutia moyo. Ukilipa 150,000 kila mwezi utamaliza kwa takriban miezi 43. Ukijibana ukalipa 300,000, ni miezi 21. Kwa mtu anayeogopa kupitwa na umri ambao shirika limeuweka kama kikomo cha kupokea waombaji, tofauti ya hizo mbili ni kubwa.

Hatua ya pili: ongea na mkurugenzi wa miito mapema kuliko unavyotaka

Kijana wa kawaida hufanya kinyume. Anajificha miaka mitano akilipa deni kimyakimya, ndipo amwandikie sista au padre wa miito. Miaka hiyo mitano ni mirefu. Ndani yake kazi inapanda cheo, mchumba anapatikana, mzazi anaanza kutegemea mshahara, na mwito unapoa bila kuwahi kuchunguzwa. Sioni sababu ya kusubiri. Utambuzi wa mwito unaweza kwenda sambamba na ulipaji: unahudhuria mafungo, unatembelea jumuiya, unapata mlezi wa kiroho, huku unalipa. Kanuni ya 644 inahusu kupokelewa unovisi. Haimzuii mtu kubisha hodi.

Deni usilitaje katika barua ya kwanza kana kwamba ndilo jina lako la pili. Lakini lisipite zungumzo la pili au la tatu. Sema kwa ufupi na kwa tarakimu: "Sista, nilisoma kwa mkopo. Nimebakiza kiasi hiki, nalipa kiasi hiki kwa mwezi, kwa mwendo huu nitamaliza mwaka fulani. Ningependa kujua shirika lina utaratibu gani." Anayezungumza hivyo huonekana mtu mzima. Kanuni ya 642 inawataka wakuu wapokee watu wenye ukomavu wa kutosha, na namna unavyobeba deni lako ni mtihani wa ukomavu uliokuja bila kutafutwa. Mlezi mwenye macho ataona kama mkopo ulikuwa wa ada au wa simu mpya, na kama unaendelea kukopa hadi leo.

Uliza waziwazi mambo matatu: deni linatakiwa liwe limefika wapi katika kila hatua ya malezi; shirika limewahi kumsaidia mwombaji kulipa; na kama umri wako unakaribia kikomo chao, wanaweza kukuhifadhia nafasi kwa barua wakati unamalizia? Jibu likiwa "hatupokei mwenye deni lolote", shukuru na uulize kama kuna shirika lenye karama inayokaribiana na yao. Usikasirike. Jumuiya ndogo yenye masista wazee wengi na mapato machache huenda inasema ukweli wake, kama ulivyosema wako.

Hatua ya tatu: weka kalenda ya malezi kando ya kalenda ya deni

Mipango mingi huvunjika hapa, kwa sababu mwombaji hajui ni lini hasa atakosa kipato.

Wakati wa uaspiranti, yaani hatua ya mwanzo kabisa kabla ya upostulanti, na katika mashirika mengine hata sehemu ya upostulanti, huenda ukaruhusiwa kuendelea na kazi yako. Unovisi ni habari nyingine. Sheria inadai miezi 12 ndani ya nyumba ya unovisi ili uwe halali, na ukikosekana humo zaidi ya miezi mitatu, mfululizo au kwa vipande, unakuwa batili. Kwa jumla hauzidi miaka miwili, ingawa mkuu anaweza kuongeza hadi miezi sita akiwa bado na shaka juu ya novisi. Kanuni ya 652 inasema pia kwamba novisi asishughulishwe na masomo na kazi zisizohusu malezi yake moja kwa moja. Kwa hiyo wazo la "nitafundisha tuisheni jioni nilipe deni" lifute. Katika unovisi huna mshahara, na hupaswi kuwa nao.

Baada ya nadhiri za kwanza wengine hufikiri watapumua: nitapangiwa shule au hospitali, nitalipwa. Utalipwa, ila kanuni ya 668 inasema chochote mtawa anachopata kwa jasho lake ni mali ya shirika. Huwezi kukata rejesho kutoka kwenye mshahara usio wako. Wakati huohuo, katika mashirika mengi mtawa wa nadhiri za muda bado anamiliki mali aliyokuwa nayo, ingawa ameukabidhi usimamizi wake kwa mtu mwingine kabla ya nadhiri hizo. Mali ikibaki yako, deni nalo linabaki lako. Nadhiri haihamishi deni kwenda kwa shirika. Hilo hutokea tu shirika likikubali.

Nadhiri za muda huchukua miaka isiyopungua mitatu wala kuzidi sita, na zinaweza kurefushwa hadi tisa. Kwa wamonaki wa kike wa maisha ya sala, waraka *Cor Orans* wa mwaka 2018 umeweka safari ndefu zaidi: uaspiranti wa miezi 12 angalau, upostulanti wa miezi 12 angalau, unovisi wa miaka miwili, kisha nadhiri za muda za miaka mitano. Ni miaka tisa angalau. Kama moyo wako uko monasterini, fahamu kwamba nyumba hizo kwa kawaida hazina sista anayeleta mshahara kutoka nje, kwa hiyo si haki kutegemea zikulipie rejesho la kila mwezi. Kwa monasteri, ushauri wangu ni mkali: ingia ukiwa umemaliza, au ukiwa na mfadhili wa nje aliyeandika na kutia saini.

Hatua ya nne: fedha itoke wapi

Jasho lako kwanza. Panga mwaka mmoja au miwili ya kuishi kitawa kabla ya utawa: chumba kidogo au kwa wazazi, nguo zilezile, usafiri wa bei ndogo, na mshahara wote unaobaki uende kwenye deni. Mazoezi ya ufukara huanza hapo, na hakuna mlezi atakayeyadharau. Uza vitu ambavyo hutavihitaji. Gari, kiwanja, kompyuta ya pili, vyote utaviacha siku moja. Afadhali vilipe deni.

Pili, shirika lenyewe. Yapo yanayoendelea kulipa rejesho la mwezi wakati wa malezi na kumalizia deni lote baada ya nadhiri za daima. Ni utaratibu wa busara kwa pande zote mbili. Ila ukiambiwa kwamba shirika litakulipia *kwa mkopo*, kwamba ukiondoka utalirudishia lote, simama ufikiri. Novisi anatakiwa awe huru kuondoka wakati wowote. Anayejua kwamba akitoka leo ataanza kudaiwa na shirika hayuko huru sawasawa, na huenda akaweka nadhiri kwa kuogopa hesabu. Omba iwe zawadi ya mwezi kwa mwezi inayokoma ukiondoka, na kilichokwisha kulipwa kihesabiwe kimekwisha.

Tatu, mifuko maalumu. Marekani, ambako mikopo ya chuo ni mikubwa, kuna taasisi zilizoanzishwa kwa kazi hii. Labouré Society humfundisha mwombaji kuchangisha fedha za kumwezesha kuingia malezini. Mater Ecclesiae Fund for Vocations hutoa ruzuku inayobeba marejesho ya mwezi wakati mtu yuko malezini. National Religious Vocation Conference, umoja wa wakurugenzi wa miito wa huko, una mfuko unaoyasaidia mashirika yanayopokea waombaji wenye deni. Zinahudumia watu wa kwao, kwa hiyo usikimbilie kuziandikia. Nimezitaja kwa sababu zinaonyesha namna tatu za kusaidia: kumjengea mtu uwezo wa kuchangisha, kumlipia kila mwezi, na kuliimarisha shirika. Popote ulipo, mwulize paroko au ofisi ya miito ya jimbo kama kuna mfuko, chama cha walei au mfadhili anayesaidia miito, kisha mweleze unahitaji ipi kati ya hizo tatu.

Nne, michango ya ndugu na waumini. Ichangishwe kwa baraka ya paroko na kwa ujuzi wa shirika, kamwe si kwa kujitangaza mtandaoni kwamba "mtawa mtarajiwa anahitaji msaada". Fedha iende moja kwa moja kwenye akaunti ya mkopo au isimamiwe na parokia, nawe uonyeshe risiti. Wachangiaji waambie mapema, kwa maneno yasiyo na kona, kwamba malezi ni safari ya utambuzi na huenda yakaishia kwa wewe kurudi nyumbani. Asiyekubali hilo asichange. Ukiacha kusema, siku ukirudi utaitwa tapeli.

Sasa yasiyofaa. Usikope huku ulipe kule, hasa ile mikopo ya simu ya riba kali. Usimwachie mzazi deni kwa kauli ya "nitawaombea". Mzazi akijitolea mwenyewe, ana uwezo na ameandika, ni baraka. Akikubali kwa aibu tu, umehamisha mzigo kutoka bega moja kwenda jingine. Usiache kulipa ukitegemea kwamba deni litafutwa kwa sababu huna mshahara. Msamaha wa aina hiyo, pale unapokuwepo, huwa na masharti yake, na aliyekwisha kushindwa kulipa mara nyingi hapewi.

Hatua ya tano: makaratasi kabla ya kuingia

Katika nyumba nyingi za unovisi simu hukabidhiwa mlangoni. Wakati huohuo benki na bodi za mikopo zinatuma namba ya siri kwenye simu hiyohiyo kila mtu anapotaka kuingia kwenye akaunti. Jambo dogo, lakini linaweza kukwamisha malipo ya mwaka mzima. Badilisha mawasiliano yote ya mkopo yaende kwa mtu unayemwamini kabla hujaondoka nyumbani, na umpe hati ya uwakili iliyothibitishwa na wakili ili azungumze na mkopeshaji kwa niaba yako. Malipo ya kila mwezi yawekwe yatoke benki yenyewe bila kumsubiri mtu kukumbuka.

Pata barua ya mkuu wa shirika inayosema umepokelewa malezini tangu lini na kwamba huna kipato. Wakopeshaji wengi hawatapunguza wala kusimamisha rejesho kwa neno la mdomo. Majina yote yabaki ya vyeti vyako. Ukipewa jina la kitawa litumie jumuiyani, si kwenye karatasi ya mkopo.

Kisha kuwe na makubaliano ya ukurasa mmoja kati yako, shirika na mfadhili kama yupo. Yataje kiasi kilichobaki, nani analipa nini katika kila hatua, nini kitatokea ukiondoka au ukiombwa kuondoka, na nani anatunza risiti. Watu wa Kanisa huona haya kuandikiana. Wakuu wa mashirika hubadilika kila baada ya miaka kadhaa, na mama mkuu mpya hakuwepo siku ulipoahidiwa.

Kuhusu mdhamini, mtembelee ana kwa ana. Mwonyeshe mpango wote. Saini yake ndiyo iliyokupeleka chuoni, na akisikia habari za utawa wako kutoka kwa jirani atakuwa na haki ya kukasirika.

Ukiondoka

Wengi huondoka, na si aibu. Kanuni ya 702 inasema anayeondoka hawezi kudai malipo kwa kazi aliyoifanya ndani ya shirika, ingawa shirika linatakiwa kumtendea kwa usawa na upendo wa kiinjili. Kwa hiyo usipange kwamba utatoka na akiba. Siku ya kwanza nje, mwandikie mkopeshaji kwamba hali yako imebadilika, mjulishe mfadhili, na urudishe mawasiliano kwenye simu yako. Kama rejesho lilisimamishwa, uliza tarehe linapoanza tena, maana adhabu za kuchelewa huwa haziangalii kama bado unatafuta kazi.

Kwa wale ambao njia yao ni nyingine kidogo

Anayetaka upadre wa jimbo hafungi nadhiri ya ufukara, na baadaye atakuwa na posho ya kulipia deni lake. Baba Askofu ndiye wa kuulizwa utaratibu wa jimbo. Wanachama wa taasisi za kilimwengu, kwa kawaida, hubaki na kazi na mshahara wao huku wakiishi wakfu. Deni kwao ni suala la bajeti zaidi kuliko kizuizi. Usichague njia hiyo kwa sababu ya deni tu. Lakini kama hukuwahi kuisikia, sasa umeisikia.

Rejesho la mwisho

Likilipwa, usiridhike na ujumbe wa simu. Dai barua ya kumaliza deni yenye muhuri, na kama kulikuwa na hati ya dhamana, dai irudishwe. Nakala moja iwekwe kwenye faili lako shirikani, kwa mhazini. Nyingine mpelekee mdhamini wako mwenyewe mkononi, kwa sababu kumbukumbu za mkopeshaji zikikosewa, yeye ndiye atakayepigiwa simu.